Ufundi Usioonekana Kwenye Kovu

Mtu aliyeondolewa kipande cha pafu kwa njia ya matundu madogo hubaki na kovu la sentimita 4 hivi chini ya kwapa, pengine na mengine mawili ya sentimita moja moja. Ndugu wakija kumwona hulitazama kovu lenyewe na kuambiana kuwa, kumbe, jambo lilikuwa dogo. Kovu hilo lina sifa zake na nitazitaja. Ninachotaka kukisifu hasa, hata hivyo, ni kazi nyingine iliyofanyika siku ile ile na siku tatu nne zilizofuata, kazi isiyoacha alama yoyote mwilini. Ilifanywa kuzuia mambo ambayo kwa wagonjwa wengi kabisa hayatokei: pafu kujisokota kwenye shina lake, mafuta ya chakula kuvujia kifuani, damu kuganda ndani ya kisiki cha mshipa na kupanda kichwani. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na baadhi ya mambo hayo hata mara moja. Anajiandaa nayo hivyo hivyo, kwa kila mgonjwa, kila asubuhi.

Sifa za kovu kwanza. Kwa njia ya zamani, daktari hukata kuanzia karibu na mgongo hadi chini ya titi, kisha huweka chombo cha chuma kati ya mbavu mbili na kuzipanua mpaka mikono ipite. Kinachomtesa mgonjwa baadaye ni mishipa ya fahamu inayopita chini ya kila ubavu, iliyobanwa na kuvutwa kwa saa kadhaa. Wapo wanaoishi na maumivu hayo miaka. Kwa matundu madogo mbavu hazipanuliwi kabisa. Watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 206 kwa kura kati ya njia hizi mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2016: waliopasuliwa kwa matundu waliumia kidogo kuliko wenzao na maisha yao yalikuwa na nafuu katika mwaka uliofuata. Utafiti wa Uingereza uitwao VIOLET, wenye wagonjwa 503, ulionyesha mwaka 2022 kwamba wiki ya tano baada ya upasuaji waliopasuliwa kwa matundu walikuwa wamerudia nguvu za kufanya shughuli zao vizuri zaidi, na saratani yao iliondolewa sawasawa na ya wale waliofunguliwa kifua.

Njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus, daktari wa Stockholm, alieleza jinsi alivyochukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo akakitumia kuchungulia tumboni na kifuani. Enzi hizo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Walichofanya madaktari ni kuingiza hewa kifuani ili pafu linywee na kupumzika, lakini kwa wengi pafu lilikuwa limegandamana na ukuta wa kifua kwa nyuzi za makovu, likakataa kunywea. Jacobaeus alitoboa tundu la pili, akapitisha waya wa moto, akazichoma nyuzi hizo moja moja huku akiangalia kwa jicho lake kupitia tundu la kwanza. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana katika miaka ya 1940, ufundi huo ukakosa kazi karibu kabisa. Ulifufuka kamera za video zilipokuwa ndogo kiasi cha kupita kati ya mbavu mbili. Mwaka 1991 Giancarlo Roviaro wa Milan aliondoa kipande kizima cha pafu kwa njia hiyo. William Walker kule Edinburgh na Robert McKenna kule Los Angeles walikuwa katika barabara hiyo hiyo. Mwaka 2010 Diego González Rivas wa A Coruña, Hispania, alifanya kazi yote kwa tundu moja.

Kila tundu lililopunguzwa liliondoa kitu, na kitu kikubwa kuliko vyote kilichoondolewa ni mkono. Daktari wa zamani alikuwa na vidole vyake ndani. Alilipapasa pafu, akajua uvimbe uko wapi bila kuuona. Damu ikiruka, kidole kilikuwa pale pale. Daktari wa matundu anatazama kioo cha televisheni, na ncha za vyombo vyake ziko sentimita 30 kutoka kwenye vidole. Hapo ndipo ninapoanza kumvulia kofia, kwa sababu ilimbidi abuni upya kila tahadhari ambayo mkono ulikuwa ukiifanya wenyewe bila kuombwa.

Chukua ateri ya pafu. Haifanani na ateri za shingo wala za paja. Ukuta wake ni mwembamba na shinikizo lake ni dogo, wastani wa milimita 15 hivi za zebaki, lakini damu yote inayozunguka mwilini hupita humo, lita 5 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Ikichanika, kioo cha televisheni hugeuka chekundu mara moja. Asiyezoea hukimbilia kuishika kwa koleo, na meno ya koleo huipanua ile nafasi iliyochanika. Aliyezoea hubonyeza. Muuguzi wa vyombo ameshaandaa, kabla ngozi haijakatwa, kipande cha shashi kilichoviringwa na kubanwa kwenye ncha ya koleo refu. Kinawekwa mahali pamoja kila siku, kiasi kwamba anaweza kukitoa bila kuondoa macho kwenye kioo. Daktari anakishusha juu ya jeraha na kutulia. Kama hakikufika haraka, analilaza pafu lenyewe juu ya mshipa ulioumia na kulitumia kubonyezea. Shinikizo likiwa dogo kiasi hicho, kubonyeza kunatosha kuzuia damu kwa muda. Halafu panakuwa na dakika kadhaa ambazo hakuna anayefanya lolote isipokuwa daktari wa usingizi kuagiza damu na wasaidizi kufungua sanduku la vyombo vya kufungulia kifua. Baada ya hapo ndipo uamuzi hufanyika: kushona kwa kupitia tundu lile lile, au kufungua. Madaktari wazuri hufungua bila aibu. Nadhani hiki ndicho kipimo cha kwanza cha fundi katika kazi hii, na ni kipimo ambacho hakiwezi kuonekana katika video za kujionyesha zinazosambazwa na wapenda sifa.

Kile kipande cha shashi mara nyingi hurudi kikavu. Kinahesabiwa mwisho wa kazi pamoja na vingine, kinatupwa, na kesho kinaviringwa kingine.

Mashine ya pini nayo ina adabu zake. Hümér Hültl wa Budapest alitengeneza ya kwanza mwaka 1908, dude la chuma lenye uzito wa zaidi ya kilo 3. Ya leo inapita kwenye tundu la kidole gumba: inabana mshipa au njia ya hewa, inapiga safu za pini pande zote mbili, na kukata katikati, yote kwa mbano mmoja. Ikishapiga hairudi nyuma. Kwa hiyo daktari anapoifunga juu ya njia ya hewa ya kipande anachotaka kuondoa, haipigi kwanza. Anamwambia daktari wa usingizi, “Jaza pafu.” Hewa inapelekwa taratibu kupitia mrija wenye njia mbili, aina ya mrija ambao Msweden Eric Carlens aliueleza mwaka 1949, unaowezesha pafu moja kupumua huku jingine limelala. Wote wanatazama. Vipande vinavyobaki vikijaa na kupata rangi ya waridi, mashine imebana mahali sahihi. Kipande kinachopaswa kubaki kikikaa bila kujaa, mashine inafunguliwa na kusogezwa. Ni nusu dakika tu, na inamkinga mgonjwa asiamke akiwa na kipande cha pafu kilichofungiwa hewa milele.

Sasa nifike kwenye lile la kujisokota, maana ndilo linalonishangaza kuliko yote.

Pafu la kulia lina vipande vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Cha kati ni kidogo, na shina lake, yaani njia ya hewa, ateri na vena zilizokaa pamoja, ni jembamba. Kwa kawaida hakina pa kwenda. Cha juu kimekilalia na cha chini kimekibeba. Kipande cha juu kikiondolewa, pengine kwa sababu kina saratani, nafasi tupu inatokea ghafla juu ya jirani yake. Kwa baadhi ya watu mpaka kati ya kipande cha kati na cha chini umekamilika, hakuna nyama inayoviunganisha, na hapo cha kati hubaki kikining'inia kama embe kwenye kikonyo chake. Pafu linapojaa hewa tena, au mgonjwa anapogeuka kitandani, kinaweza kuzunguka nusu duara. Vena, yenye ukuta laini na shinikizo dogo zaidi, ndiyo huziba kwanza. Ateri inaendelea kusukuma damu ndani kwa muda. Kipande kinavimba kwa damu isiyo na pa kutokea, kinakuwa kizito, kinageuka rangi ya zambarau kisha nyeusi. Hutokea kwa wagonjwa wachache mno, chini sana ya mmoja katika kila 100 waliopasuliwa mapafu, na kwa kawaida hutokea katika siku za mwanzo.

Kinga yake ni mishono miwili mitatu, au pigo moja la mashine ya pini, kukiunganisha kipande cha kati na cha chini kwenye kingo. Si madaktari wote wanaofanya hivyo kwa kila mgonjwa. Wapo wanaosema mshono wenyewe unaweza kuchana pafu na kuvujisha hewa, na hoja yao ina uzito. Lakini hata wasioshona hawaruki hatua inayofuata. Wakati wa kazi pafu limegeuzwa mara nyingi: nyuma ili kuona vena, mbele ili kuona njia ya hewa, juu ili kutoa tezi za limfu. Pafu lisilo na hewa ni bapa na laini, na ukitazama kwa kamera ya karibu ni rahisi kuliacha limelala kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo kamera haitolewi. Inabaki ndani huku daktari wa usingizi akilijaza pafu polepole, na daktari anafuata kwa macho kingo za kila kipande zinavyofunguka na kutafuta mahali pake. Kikiinuka vibaya, anakisukuma kwa ncha ya chombo na kuomba hewa irudishwe nyuma, waanze tena. Dakika hizi huja baada ya saa mbili au tatu za kusimama, wakati kazi “imekwisha” na kila mtu anatamani chai. Ndizo dakika ninazozipenda katika kazi hii yote.

Tuseme limetokea hata hivyo. Siku ya pili mgonjwa ana homa, moyo unakwenda mbio, pumzi fupi, makohozi yana damu nyeusi nyeusi. Picha ya eksirei inaonyesha weupe mahali palipopaswa kuwa na hewa. Mambo hayo yote yana maelezo ya kawaida zaidi: nimonia, au kamasi zito limeziba njia ya hewa na pafu limenywea. Ukisema nimonia utakuwa sahihi karibu kila mara, na hapo ndipo ugumu ulipo. Fundi wa kweli huanza kwa maelezo ya kawaida, hunyonya kamasi, hutoa antibayotiki, kisha huuliza kwa nini picha ya jioni ni nyeupe kuliko ya asubuhi. Anaingiza kamera kwenye njia ya hewa na kukuta mlango wa kipande cha kati umefinywa ukawa mstari. Madaktari wenyewe huuita mdomo wa samaki. Picha ya CT ikithibitisha, mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji. Kama nyama bado ina uhai, inasokotolewa na kushonwa mahali pake. Kama imekufa, inaondolewa, na madaktari wengi hufunga mishipa ya shina kabla ya kuigusa, ili damu iliyoganda na sumu zilizokusanyika zisikimbilie moyoni pindi inaponyooshwa.

Baada ya upasuaji kazi inahamia kwenye chupa. Gotthard Bülau wa Hamburg alianza kutumia mrija wa kifuani unaoishia chini ya maji mwaka 1875, na akauchapisha mwaka 1891. Hospitali tajiri siku hizi zina visanduku vya plastiki, vingine vyenye tarakimu zinazowaka, lakini kanuni ni ile ile na katika wodi zetu nyingi ni chupa ile ile: mrija unatoka ubavuni, unaingia chupani, ncha yake imezama sentimita 2 chini ya maji. Hewa ya kifuani inatoka kwa mapovu, ya nje haiwezi kurudi. Chupa hukaa chini ya usawa wa kifua wakati wote, na anayeiinua juu ya kitanda wakati wa kumhamisha mgonjwa hukemewa hata kama ni daktari bingwa.

Tazama muuguzi mzoefu anavyoisoma. Anachuchumaa mpaka macho yake yalingane na maji.

“Shikamoo mzee. Umeamkaje?”

“Marahaba. Kifua kinavuta kidogo.”

“Pole. Hebu kohoa mara moja. Tena, kwa nguvu kidogo.”

Mapovu mawili madogo yanapanda, halafu basi. Anasubiri. Maji ndani ya mrija yanapanda mzee anapovuta pumzi, yanashuka anapoitoa. Kwa hilo peke yake ameshajua kwamba mrija haujaziba, kwamba pafu linavuja hewa kidogo tu na linaelekea kupona, na kwamba hakuna haja ya kumsumbua daktari. Mapovu yangekuwa yanatoka hata mzee akiwa ametulia, angefuata mrija kwa vidole kutoka ubavuni hadi chupani akitafuta kiungo kilicholegea kabla ya kulilaumu pafu. Maji yangekuwa yamesimama kabisa, angejiuliza maswali mawili yanayopingana: pafu limejaa lote likaziba tundu la mrija, jambo jema, au donge la damu limekaa ndani, jambo baya? Damu inayozidi mililita 200 kwa saa, saa kadhaa mfululizo, inamrudisha mgonjwa kwenye kisu. Lakini chupa iliyokuwa ikijaa na mara ikakauka, huku mgonjwa akizidi kupauka, humtia hofu zaidi muuguzi mwenye akili.

Rangi nayo husomwa. Kupanda kutoka tumboni, kupita mbele ya uti wa mgongo hadi chini ya shingo upande wa kushoto, kuna mrija wa limfu wenye unene wa milimita 2 au 3 tu. Hubeba lita 2 hivi kwa siku, na mafuta ya chakula hupita humo. Mrija huo pamoja na vijitawi vyake unaweza kujeruhiwa wakati wa kusafisha tezi za kifuani, na mgonjwa anapokuwa amefunga kwa ajili ya upasuaji hauonekani kirahisi, kwa sababu majimaji yake hayana rangi. Yakivuja juu ya meza ya upasuaji, yanapita kama maji mengine. Siku hiyo chupa ina majimaji mekundu yanayofifia. Kesho yake mgonjwa anapata hamu, anapewa uji wa maziwa au supu, familia inashangilia. Saa chache baadaye majimaji ya chupani yanageuka rangi ya maziwa. Maabara ikipima na kukuta mafuta ya trigliseridi yamezidi miligramu 110 kwa kila desilita, jibu limepatikana. Ndiyo maana muuguzi mzuri huuliza swali linaloonekana halihusiani na kifua: “Umekula nini tangu asubuhi?” Wengi hupona kwa kuzuiwa mafuta tu, au kulishwa kwa mshipa kwa siku kadhaa mpaka tundu lijifunge. Wachache hurudi kufungwa mrija wenyewe. Asipoangaliwa, mgonjwa huendelea kumwaga chakula na kinga ya mwili wake chupani, akikonda huku anakula.

Upande wa kushoto una balaa lake. Kipande cha juu cha pafu la kushoto kikiondolewa, kisiki cha vena yake hubaki kirefu kuliko visiki vingine. Damu ndani ya mfuko huo mfupi haina kwa kwenda, inazunguka polepole na inaweza kuganda. Vena za mapafu zinamwaga upande wa kushoto wa moyo, kwa hiyo donge likitoka hapo safari yake ni ya kwenda kwenye ubongo au figo. Madaktari wa Japani ndio walioliandikia sana jambo hili, baada ya kuona wagonjwa waliopata kiharusi siku chache baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Waliounganisha kiharusi na kisiki cha mshipa walifanya kazi ya akili ya hali ya juu. Wangeweza kusema ni uzee, ni presha, ni bahati mbaya, na hakuna ambaye angewabishia.

Kuna na mambo madogo yasiyohitaji maneno mengi. Kisu huingia juu ya ukingo wa juu wa ubavu kwa sababu mishipa hukaa chini ya ule wa chini. Kila chombo kinapotolewa, kamera hugeuzwa kutazama tundu kililopitia, maana chombo chenyewe kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kikizuia damu. Mshipa wa fahamu wa sauti, upande wa kushoto, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo pale pale zinapotolewa tezi. Ndiyo sababu mgonjwa akiamka na sauti ya mkwaruzo hupewa kwanza funda la maji huku muuguzi akimtazama kooni, kabla ya kupewa sahani ya chakula. Akipaliwa, sahani inasubiri.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina ugumu wa ziada ambao Jacobaeus angeutambua mara moja. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Pafu lililopona kifua kikuu linaweza kuwa limegandamana na mbavu, na tezi zake zimekauka zikashikamana na ateri. Kamera inaingia na hakuna nafasi ya kutazama. Daktari hubandua kidogo kidogo, milimita kwa milimita, na pengine baada ya saa nzima anaamua kufungua kifua. Anayemhukumu kwa urefu wa kovu hajui alichokikuta humo ndani. Na kwa sababu vifaa vya matundu ni ghali na wapasuaji wa kifua ni wachache, wengi wa wagonjwa wetu bado hupasuliwa kwa njia ya kufungua. Chupa, funda la maji, picha ya jioni na swali la “umekula nini” vinawahusu hao pia, na havihitaji kamera.

Limebaki moja, na hili huweza kuja hata mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali. Kisiki cha njia ya hewa kinaweza kufunguka siku au wiki kadhaa baadaye, zaidi kwa aliyeondolewa pafu zima au aliyechomwa mionzi kabla. Madaktari hujihadhari kwa kutokwangua nyama inayokilisha damu, na kwa walio hatarini hukifunika kwa msuli wa kati ya mbavu. Kikifunguka, majimaji yaliyokuwa kifuani humiminika kwenye njia ya hewa, na mgonjwa anakohoa maji mengi mepesi ya rangi ya waridi. Hatari ya kwanza ni pafu lenye afya kuzama kwa maji ya upande mwingine.

Kwa hiyo, msomaji, kama unauguza mtu aliyepasuliwa pafu na hilo likatokea nyumbani, mwinue akae au mlaze upande uliopasuliwa, pafu lake lenye afya likiwa juu, kisha mkimbize hospitali hapo hapo. Mrudishe siku hiyo hiyo pia akipata homa, pumzi ikikata, akianza kupaliwa na maji, shingo au kifua vikivimba na kutoa mchakacho chini ya vidole, au uso ukipinda na mkono ukilegea. Mwambie daktari alipasuliwa lini, upande gani, na alikula nini.